Bega Hili Hukuliharibu Wewe

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza kuongea nawe bila kukuamkia, na sianzi leo.

Nimelazwa. Kesho wananipasua bega tena, lile lile walilonitia chuma baada ya ajali ya pikipiki. Siogopi. Nimesaini mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, mwandiko umekwenda upande.

Unakumbuka lilivyoanza kuniuma kila nikiinua ndoo? Nilitoka Kwedizinga nikaja kwako Magoma, maana nani pale hujamuunga mfupa? Ulinipaka mafuta ya nyonyo ukasema, "Limeteguka tu hili, mwanangu, tulia." Ukavuta. Nikapiga yowe mpaka Mama akatoka jikoni. Tangu siku hiyo mkono ukaning'inia, na wewe hukumgusa mgonjwa tena. Wakiletwa ulisema, "Wapelekeni hospitali, mimi nimemlemaza mwanangu." Umekufa ukiamini hivyo.

Nami kliniki zote nilinyamaza. Niliona haya kusema nimevutwa na mganga wa mifupa, nigombezwe kama mtoto. Nilisema nimeanguka.

Wiki iliyopita nikamwambia daktari kweli yote. Hakugomba. Alinionyesha picha: kikombe cha bega, pale tufe la mfupa wa mkono linapokaa, kimelika, limebaki ganda. Akasema mfupa hauliki hivyo kwa siku moja. Chuma kilikuwa kimelegea, kikausaga muda mrefu kabla hujanigusa. Kuvuta hakukusaidia, hilo alisema pia, sikufichi. Lakini hukuliharibu wewe.

Kesho watachukua kipande cha mfupa nyongani, wajaze lile shimo, kisha wafunge chuma kipya kwa skrubu, tena kimegeuzwa: tufe likae penye kikombe, kikombe kikae penye tufe. Wewe ungemuuliza daktari maswali mpaka akuchoke. Hajaniahidi kulima wala kutwanga. Mkono ukifika kichwani nikajifunga kilemba, inanitosha. Na utafika.

Kinachoniuma si bega, Baba. Ni kwamba ningemwambia daktari kweli ile ukiwa hai, ungekula, ungelala, ungeendelea na kazi yako. Nisamehe.

Pumzika sasa. Nikiruhusiwa nitapitia Magoma kwanza, mkono ukiwa bado umefungwa. Nitaketi barazani kwako, na kila atakayekuja kunipa pole nitamweleza alivyosema daktari. Wewe nimechelewa kukuambia. Wao sitawachelewesha.

Mwanao,
Mwanaidi