Ubani Kwenye Banda la Nyanya

Akoo wangu,

Salaam aleikum huko ulikolala. Bibi yangu, ni Talaso, mjukuu uliyemlea, na sasa ni mke wa mtu! Laiti ungemwona Guyo. Akicheka mashavu yanabonyea, na kila asubuhi ananiletea chai kabla sijavaa ndala. Nimependwa, Akoo, mpaka nacheka peke yangu sokoni.

Yule mtamba uliyeniachia kwa ajili ya ndoa yangu, tulimuuza. Usinikasirikie. Tulijenga grinihausi, banda la nailoni la kukuzia nyanya, hapa nje ya mji, njia ya Ngaremara. Shangazi, binti yako, alishika kiuno. "Wewe msichana, umebadilisha ng'ombe na nailoni? Nailoni itazaa?" Mtamba yule ndiye aliyekuwa kitu chako cha mwisho mikononi mwangu. Nyanya zikifa, nimekupoteza tena.

Na kweli zilianza kufa. Tulikuwa tumejenga kama tunavyojenga nyumba zetu, mgongo kwa upepo na mlango upande wa pili, vumbi lisiingie. Mchana mle ndani kulikuwa tanuri. Maua yalidondoka tukiyatazama. Guyo alimwagilia, akamwagilia tena, kisha akakaa chini.

Hapo ndipo uliponijia. Kiangazi kile nilipokuwa mdogo nimelala na homa, uliinua mkeka wa chini wa ukuta wetu upande wa upepo, ukasukuma wa juu upande wa pili kwa fimbo. Ukawasha ubani katikati ya nyumba, ukautazama moshi ukiinama na kutokea juu. "Upepo ni mgeni," ulisema. "Asipoona pa kutokea, haingii."

Nikachukua chetezo changu cha harusi, nikaingia nacho kwenye banda la nyanya. Moshi ulipanda mpaka paa, ukaganda hapo hapo. Guyo akachungulia mlangoni. "Bibi harusi, unafukizia nyanya? Na mimi je?"

Nikamwambia tukate nailoni. Alisita na kisu, Akoo, nailoni mpya kabisa! Lakini aliniangalia machoni, akakata. Upande wa upepo tukafungua chini, kufika magotini. Upande wa pili tukafungua juu, karibu na kilele. Tukaweka neti kuzuia wadudu, nikawasha ubani tena.

Moshi uliinama, Akoo! Kama ule wako! Ukapita katikati ya mistari ya nyanya, ukatokea juu, na joto likaufuata. Guyo alinibeba mbele ya watu hadi mbuzi wa jirani wakatimka.

Sasa nyanya zimeshika, za kijani, ngumu kama ngumi ya mtoto. Jana Shangazi alikuja, akasimama ndani, upepo unampeperusha shela. Kisha akasema, "Mama alikuwa hivi hivi. Hakuogopa kutoboa nyumba yake." Unamjua binti yako. Kwake hiyo ni sifa. Nilitoka nje nikalia, Guyo akanifuta machozi kwa mikono yenye udongo, nikawa mchafu na mwenye furaha.

Pumzika, Akoo wangu. Nyanya zikiuzwa tutanunua mtamba mwingine, nakuahidi, na nitampa jina lako. Shangazi tayari ameuliza atafungwa wapi. Nimemwambia, pale upepo unapotokea, apate ule wenye harufu ya ubani.

Wako daima,
Talaso