Kwa Solange, Uliyebaki Granada

Mpendwa mdogo wangu Solange,

Nakuandikia hadharani kwa sababu namba yako haipatikani tangu kabla ya Krismasi. Mama mmoja wa kanisani ana ndugu huko Uhispania, naye ameniambia kuna ukurasa wa mtandaoni ambao Wakongo wengi wa huko wanausoma. Nimeona heri watu wayajue mambo yetu kuliko wewe usiyapate. Anayemfahamu Solange, msusi, mzaliwa wa Lubumbashi, aliyekuwa akiimba katika kwaya yetu ya La Rochelle hapa Johannesburg, tafadhali amfikishie.

Naanza na asubuhi ile ya Granada, kwa sababu hatujawahi kuizungumza. Kila ulipopiga simu tuliongea habari za mwanao Gloria, za miguu ya Maman, mama yetu, za mvua. Asubuhi ile tuliikwepa wote wawili, kama watu wanaokwepa shimo barabarani.

Tamasha la kwaya lililotupeleka huko lilikuwa limekwisha. Parokia iliyotualika ilitaka tusiondoke bila kuuona Albaicín, ule mtaa wa kale ulio kilimani, kisha basi litupeleke uwanja wa ndege. Aliyetutembeza alikuwa Inés, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu, aliyefunga skafu ya njano kwenye fimbo ili tusimpoteze. Nyuma yetu alitembea Papa Ilunga, kiongozi wa kwaya, mkoba wenye pasipoti zetu zote akiwa ameubana kifuani. Ni yeye aliyetudhamini ubalozini. Aliwaambia wale watu kwamba kila aliyekwenda atarudi.

Tulikuwa bado chini, kando ya kile kijito, uliponishika kiwiko.

“Yaya, miye sirudi.”

Kwetu yaya ni dada mkubwa, na hata tulipogombana vibaya hukuwahi kuniita kwa jina langu. Nilidhani umesahau kitu hotelini.

“Hurudi wapi?”

“Johannesburg. Kuna mama mmoja wa kwetu, wa Kipushi, ananingoja kule juu, kwenye uwanja wa kanisa. Amenipatia pa kulala.”

“Na Gloria?”

Inés aliinua skafu yake, watu wakaanza kupanda.

Vichochoro vile vilikuwa vyembamba kiasi kwamba wawili hawawezi kupita bila kugusana. Kuta nyeupe huku na huku, chini mawe madogo ya mtoni yaliyopangwa kwa mkono, yanayoteleza. Nilikushika mkono kama ninayeogopa kuanguka. Wenzetu walikuwa wanacheka, wanapigana picha, wanatuita tusogee tuonekane. Tulitabasamu. Huku tunatabasamu tuligombana kwa kunong’ona, maana wote waliotuzunguka walisikia Kiswahili, na Kifaransa, na Kiingereza. Hatukuwa na lugha ya kujificha.

“Umepanga tangu lini?”

“Tangu wanaume wale.”

Niliwajua wanaume uliowasema.

Sikuwepo siku walipoivamia saluni uliyokuwa ukisukia, pale Rosettenville. Wewe ndiye uliyenisimulia, ukiwa umekaa sakafuni kwetu na viatu mguuni. Waliingia na fimbo wakipiga kelele kwamba wageni watoke. Walimwaga dawa za nywele, wakavunja vioo. Ulimnyakua Gloria ukajifungia naye chooni. Alipofungua mdomo akuulize “Mama, ni nini?” kwa Kiswahili, ulimziba kwa kiganja mpaka akaanza kuhangaika kupata pumzi. Walipoondoka, alama za vidole vyako zilikuwa bado shavuni mwake. Tangu siku hiyo ulimkataza kusema lugha yetu nje ya nyumba. Kwenye teksi alikuwa akianza neno, unamfinya. Alikuwa na miaka minne. Baada ya muda hata ndani hakukisema tena. Tulimwongelesha Kiswahili, yeye anajibu Kizulu au Kiingereza.

Tulipofika mbele ya nyumba moja yenye mlango mkubwa wa mbao, Inés alitusimamisha. Alitueleza habari za Waislamu walioishi mtaa ule zamani, vizazi na vizazi, mpaka wafalme wapya walipoushika mji. Kwanza waliahidiwa kwamba wataachwa na dini yao na desturi zao. Kisha wakaambiwa wabatizwe au waondoke. Kisha majina yakakatazwa, na nguo, na mwisho lugha yenyewe. Siku za Ijumaa walitakiwa waache milango wazi, majirani waone kama wanaomba kwa siri. Watoto wao na wajukuu wao, ambao hawakujua nchi nyingine, nao wakafukuzwa.

Mmoja wetu aliuliza, “Sasa walienda wapi?”

“Wengi walivuka bahari,” Inés alisema. “Kule walikofika waliitwa Waspanyoli.”

Watu waliguna kwa huruma, wakapiga picha mlango. Wewe ulikuwa unalia. Mama Thérèse alikushika bega akasema, “Pole, Solange, una moyo laini.” Hakujua.

Nilikuvuta pembeni. Nikakwambia, “Umesikia mwenyewe. Hata hawa waliwafukuza watu. Unadhani wewe watakukumbatia?”

“Sitafuti wa kunikumbatia,” ulisema. “Natafuta mahali nitakapolala bila kusikiliza mlango.”

“Na mtoto wako atalala wapi?”

“Kwako. Yaya, nikimleta kwa njia yangu hii atakuwa amejificha tena. Nikipata karatasi nitamwita.”

“Na usipozipata?”

Uliangalia juu, ilipokuwa inaelekea skafu ya njano. Sijawahi kuona uso wako vile. Ulikuwa umeogopa kuliko mimi.

Tulifika uwanjani, mbele ya kanisa. Kule ng’ambo ya bonde lilionekana lile kasri jekundu ambalo kila mtu alikuwa amelingojea, na nyuma yake milima yenye theluji. Wenzetu walikimbilia ukutani. Upepo ulikuwa unakata. Chini ya mti, kando ya wauza bangili, alisimama mwanamke aliyevaa kitambaa cha kichwani cha kwetu, anatazama kundi zima, anatafuta.

“Nitamwambia Papa Ilunga,” nilisema.

“Mwambie.”

Ukatoa mkono wako mkononi mwangu, taratibu. Hukukimbia. Nikageuka, nikapenya katikati ya watu, nikamfikia Papa Ilunga nikamshika koti. Aliniuliza kuna nini. Nikasema, “Solange.” Tulipoangalia nyuma, chini ya mti walikuwa wauza bangili peke yao.

Tulikutafuta, mdogo wangu. Inés alidhani umepotea, akawa ananituliza kwamba hakuna anayepotea Albaicín, vichochoro vyote vinateremka mjini. Nilikimbia humo nikiita jina lako mpaka mwanamke mmoja akafungua dirisha akanitazama, akalifunga. Dereva wa basi alipiga honi. Papa Ilunga aliuliza kila mtu, “Solange iko wapi? Nani amemwona?” Walioelewa waliinamisha vichwa. Wengine walianza kukulaani hapo hapo, kwamba umewafungia mlango.

Kisha akafungua mkoba. Nilidhani ataipeleka pasipoti yako polisi, na angekuwa na haki. Aliichambua kutoka katikati ya zile nyingine, akampa Inés.

“Atakuja parokiani,” alimwambia. “Akija, mpe. Mtu asitembee nchi ya watu bila jina lake.”

Ndiyo maana uliikuta pale. Hujawahi kuniuliza ilifikaje, nami nilikuwa na hasira mno kukwambia.

Kwenye ndege sikulala. Nyumbani, Maman alikuwa ameshapika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, sahani yako ipo mezani. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni na sanduku. Akauliza, “Alikuwa amevaa koti?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Vizuri,” akaenda chumbani, akafunga mlango.

Gloria alitoka bafuni na taulo. Alitazama nyuma yangu, ngazini. Akaangalia tena. Nikamwambia umepata kazi huko, utapiga simu. Alisema “Sharp,” yaani sawa, kama wanavyosema watoto wa hapa, akaenda kuvaa. Usiku wa siku hizo alianza kulala upande wangu wa kitanda.

Mwaka uliofuata kwaya ilialikwa tena, ikanyimwa visa, wote. Jumapili moja watu walihama benchi nililokaa. Papa Ilunga alisimama katikati ya ibada akasema, “Aliyedhamini ni mimi. Asiguswe dada yake.” Hajawahi kukutaja tena, si kwa wema wala kwa ubaya.

Sasa nikupe habari za karibuni. Mwezi uliopita Gloria alibanwa na pumu. Nilimpeleka kliniki asubuhi, tukakuta watu wamesimama getini. Hawakuwa manesi wala walinzi. Walikuwa wanadai kitambulisho kwa kila anayeingia. Wasio wa hapa wanarudishwa. Mbele yetu mama mjamzito alirudishwa, akaenda kukaa ukingoni mwa barabara. Kifua cha Gloria kilikuwa kinapiga filimbi. Nilianza kutafuta Kizulu changu kibovu kichwani, na mkono wangu, Solange, mkono wangu wenyewe, ulikuwa unapanda kuelekea mdomoni mwake.

Aliuona. Akausukuma chini.

Mwanamume mmoja alituuliza tunatoka wapi. Gloria akamjibu kwa Kizulu safi kwamba amezaliwa hospitali ya hapa hapa, anasoma darasa la nne, na hawezi kupumua. Kisha akanigeukia mbele yao wote, akasema kwa Kiswahili, kwa shida, maneno yakikatika: “Twende, Mama Mkubwa. Tuingie.” Sikuwa nimemsikia akisema Kiswahili nje ya nyumba kwa miaka mitano. Yule mwanamume alitutazama, akanitazama mimi zaidi. Mwenzake alitaka kusema kitu. Bibi mmoja aliyekuwa kwenye foleni, mwenyeji wa hapa, alipaza sauti, “Hayi! Mtoto anakufa hapa, mnataka karatasi?” Tukapita. Ndani niliomba kiti.

Amepona. Ana kipulizo chake cha dawa, anakiweka mfukoni mwa sketi ya shule.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiigeuza kichwani asubuhi yetu ya Granada. Nilikuwa na hotuba nzima ya kukugombeza, niliitunza kwa ajili ya siku utakaporudi. Imeisha nguvu. Najua ulikuwa unakimbia nini, maana nami nilisimama getini na mkono hewani. Lakini kujua si sawa na kukubali. Wewe uliondoka, mimi nikabaki na mlango ule ule. Bado nakasirika ninapoosha nywele za Gloria, kwa sababu mikono iliyotakiwa kuzisuka ni yako, na anasema mimi navuta sana.

Hatuhami. Maman amekataa, nami nimechoka kufunga mizigo. Gloria ameomba nimfundishe kuandika Kiswahili, na anaandika vibaya, na hataki kusahihishwa.

Juzi, tukiwa kwenye robot, taa za barabarani pale karibu na shule, tunangoja zigeuke, aliniuliza, “Aliondoka sababu yangu? Sababu nilisema mle chooni?”

Nilimwambia hapana. Nilisema haraka, kwa nguvu, mpaka watu wakageuka. Alinitazama kwa ile subira yake, kisha akasema, “Wewe hukuwa mle ndani.”

Ni kweli, sikuwa. Mliokuwa mle ndani ni wewe na yeye. Kwa hiyo, Solange, sikuombi urudi, sikuombi karatasi, sikuombi maelezo. Namba yangu haijabadilika. Piga, nitampa simu, nami nitatoka nje nifunge mlango. Mjibu mwenyewe.

Mungu akutunze huko uliko, na uvae vizuri.

Ni mimi, Yaya wako