Unga wa Mtama Kisiwani Galamba

Jumatatu, 4 Julai
Dagaa wameisha mnadani Bariadi. Mgongo unauma. Nimefika Lamadi nikakuta kijiji kizima kinaongea kitu kimoja: kisiwa. Tajiri wa samaki wa Mwanza anataka kujenga kambi Galamba, lori la barafu liwe linafika mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki, kila siku. Biashara huria hii. Anataka kuandikiana mkataba na mwenye kisiwa, na ghafla kisiwa kina wenyewe wawili. Sisi wa ziwani, na wafugaji wa kijiji cha juu.

Kwenye miamba ya Galamba ndiko ninakoanika dagaa. Wa juu wakikichukua, nimekwisha.

Jumatano, 6 Julai
Wa juu wanasema Galamba haikuwa kisiwa. Ilikuwa kilima cha malisho, ng'ombe wakienda kwa miguu, mpaka mvua za wakati wa uhuru zikajaza ziwa. Babu yao Kishosha alikuwa na boma pale, akazikwa humo humo bomani, kama wazee walivyozikwa zamani. Uongo mtupu.

Ila lundo la mawe lipo, kama la kaburi. Nimelizunguka mara nyingi nikiwa na dagaa kichwani.

Ijumaa, 8 Julai
Katibu tarafa atakuja kusikiliza kisiwani kwenyewe. Msemaji wetu ni mume wangu, Masanja. Wamechagua vizuri. Haongei sana, lakini akiongea watu wanaacha kutafuna.

Isitoshe, ushahidi wetu unatoka kwenye ukoo wake. Kila mwanzo wa msimu humwaga unga wa mtama na maji kwenye yale mawe, kuomba samaki. Baba yake alimwaga, babu yake alimwaga. Mwenyekiti wetu kaupeleka ushahidi huo mpaka tarafani, kwa mbwembwe. Wa juu wanaogopa maji kama paka. Wataweza wapi? Nimepika wali.

Jumamosi, 9 Julai
Masanja hali chakula. Vijana watatu wamekuja na shauri lao, mawe yatupwe ziwani kabla ya kikao. Kawatimua kwa fimbo, na mguu wake mbovu ule. Nikacheka.

Kisha kaniambia. Unga haumwagwi kimya. Unataja jina la mwenye mahali, unaomba ruhusa kwake. Na jina walilorithishana kwao, tangu babu, ni Kishosha.

Mwenyekiti hakuwahi kusimama karibu akasikia. Wala mimi. Nimemwambia ataje jina lingine, wafu hawashtaki. Kavuta nyavu zake akaendelea kushona. Nimechukia.

Jumatatu, 11 Julai
Wa juu waliletwa na mitumbwi yetu, wameshikilia kingo kwa mikono miwili. Katibu tarafa akasema, haya, fanyeni kama mnavyofanya.

Masanja akavua viatu. Akachota unga. Hakuangalia upande wetu. Akamtaja Kishosha kwa sauti ya kawaida, akasema sisi ni wageni wako, tunaomba tena.

Maduhu, msemaji wao, aliketi chini palepale akafunika uso.

Kurudi, hakuna aliyepanda mtumbwi wetu. Masanja mbele anapiga kasia, mimi nyuma. Nilipiga maji kwa hasira. Nikautazama mgongo wake njia nzima. Nimezaa naye watoto wanne na sijawahi kumpenda namna ile.

Alhamisi, 14 Julai
Kisiwa ni chao. Tajiri keshaandikiana nao. Uzio wa kambi utapita juu ya miamba yangu. Kisimani nimesalimia, hakuna aliyeitikia. Masanja anashona nyavu kama jana na juzi. Jeuri huyu mtu. Namheshimu mpaka inaniudhi.

Jumapili, 24 Julai
Maduhu amekuja kwa baiskeli, debe la mtama nyuma. Kisiwa wanacho, maneno hawana. Tangu maji yaingie hakuna wa kwao aliyemmwagia babu yao unga, na waliokuwa wanajua wamekufa. Anaomba Masanja awapeleke, amwage, wajifunze.

Masanja kakubali bila kuomba kitu. Mimi siko hivyo. Nikaomba miamba yangu.

Maduhu akacheka. Akaniita mama kwa lugha ya nyumbani: mayu, chukua ile ya nyuma. Ya nyuma ina kivuli, dagaa watachelewa kukauka. Nimeichukua.

Tunakwenda kesho. Mtama nimeusaga mwenyewe, nikauchekecha mara mbili. Laini, kama wa kumpikia mkwe.