Stika za baruti ziko ubaoni

Asma, nina hasira! Faustini, yule mlipuaji wetu hapa machimboni, kabandua stika za namba za kuskani kwenye baruti ZOTE.

Zote, shoga! Kazipanga ubaoni ofisini. Eti, "Nimekurahisishia dada, utaskani umekaa, stoo huendi."

KURAHISISHA! Bila ile namba utajuaje baruti imetoka kwa nani?

Sasa polisi wamekamata baruti isiyo na stika kwenye bodaboda huko Mpwapwa. Wamekuja kuuliza kama ni yetu.

Faustini kauskani ubao mbele yao, anatabasamu. "Zetu zimetimia, afande." Wakashukuru, wakaondoka!

Na mtunza stoo ni mimi, shoga. Nimetoka kufungua stoo sasa hivi. Boksi la chini ni tupu, na ubaoni bado linasomeka limejaa.