Mzinga wa Mulwa

Mlolongo,
4 Februari 2002

Mpendwa Mama,

Salamu nyingi kutoka kwa binti yako. Mimi ni mzima, na kifua kimeacha kuniuma tangu wanihamishe kutoka chumba cha kukata vitambaa pale kiwandani. Mguu wako je? Na Baba?

Mama, keti kwanza. Jana vijana wa kanisa tulienda kutembea Lukenya. Si kupanda mwamba, ni kuvuka tu ile nyika ya juu, kutoka upande wa machimbo ya mawe hadi ng'ambo. Kule ni nyasi kavu, vichaka vya leleshwa vya kufika kiunoni, mawe na upepo, nyumba hakuna. Nilikuwa nimeapa nisikanyage huko, kwa kuwa ndiko kaka Mulwa alikoonekana mara ya mwisho, jioni ile ya 1995, akitoka machimboni kukatiza kwenda Athi River. Lakini Linet, ninayekaa naye chumba kimoja, alisema woga wangu umezidi. Nikaenda.

Katikati ya nyika kuna mgunga mmoja mkubwa, na juu yake mzinga wa nyuki. Najua kwetu wanawake hatukaribii mizinga, lakini miguu ilinipeleka. Una alama ya ukoo wetu, mistari miwili, na pembeni ndoana. Ndoana inayolalia kushoto, Mama! Nani mwingine ana alama hiyo? Baba alimpa Mulwa akiwa mdogo, na kwa vile Mulwa hutumia mkono wa kushoto, kila alipoikata ililala upande usio wake. Tulivyokuwa tunamcheka! Na gogo la mzinga ni jipya, halijapauka hata kidogo.

Kaka yuko hai. Nililia mpaka wenzangu wakadhani nimeumwa na nyoka. Baba usimwambie kwanza.

Binti yako,
Mbinya


Kangundo,
15 Februari 2002

Mwanangu Mbinya,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hapa tunasukuma siku. Mguu ni ule ule, nikiukanyagia unauma, nikiupumzisha unauma.

Barua yako niliisomea chooni, maana hapa nyumbani hakuna mlango mwingine wa kujifungia. Nilikaa humo mpaka Ann wa jirani akaja kubisha, eti nimeanguka? Mulwa wangu! Lakini mbona haji? Bado anamwogopa baba yake? Unayakumbuka yale maneno yake: "Anayeacha kahawa yangu akavunje mawe ya watu, jina lake lisitajwe tena hapa." Tangu siku hiyo hata majirani wananiita Mama Mbinya, utadhani wewe ndiye kifungua mimba. Huwa naitika, lakini huniuma kila mara.

Baba yako hajui lolote. Jumamosi nyingi haonekani, eti mikutano ya kiwanda cha kahawa. Mikutano gani, na kahawa yenyewe iko wapi? Kama ana mwanamke mahali, amweke, mimi nilichoka kuuliza. Akitoka tu, nakandika nyumba ya Mulwa. Nimemwambia ni ya kuweka mahindi.

Rudi huko, mwanangu. Umwachie ujumbe kwamba mama yake anamngoja.

Mamako,
Mama Mbinya


Mlolongo,
11 Machi 2002

Mpendwa Mama,

Habari za huko? Sisi huku tunakula vumbi la malori, lakini tuko.

Nilirudi na Linet. Chini ya mgunga tulikuta jivu jipya, na alama za viatu vya akala kwenye mchanga. Tulingoja mpaka midomo ikapasuka kwa upepo, hakuja mtu. Nimemwachia mkebe wa sukari, na ndani yake barua: "Kaka, Mama anakungoja. Nyumba yako inakandikwa. Njoo." Jumamosi ijayo naenda tena, peke yangu, kwa sababu labda anaona aibu mbele ya wageni.

Mama, usimalize nguvu zako zote kwenye hiyo nyumba.

Mbinya wako


Kangundo,
2 Aprili 2002

Mbinya,

Hujambo? Ulisema Jumamosi ijayo. Zimepita nyingine baada ya hiyo na sijapata hata mstari. Nyumba imekwisha, kitanda kimeingia. Ikiwa umemwona na amekukataza kusema, niambie hivyo tu, nitavumilia. Kimya ndicho sikiwezi.

Mama Mbinya


Mlolongo,
9 Aprili 2002

Mpendwa Mama,

Nakusalimu, na nisamehe kwa kukuchelewesha. Hii barua nimeiandika na kuichana mara nyingi.

Siku ile nilienda. Kwa mbali nikaona moshi chini ya mgunga, na mtu ameinama. Mbio nilizopiga, Mama, nikimwita kaka! Upepo ulikuwa unanipiga usoni, hakusikia. Nilipokaribia nikaiona kofia. Ile ya kijani iliyotobolewa na panya.

Ni Baba.

Alikuwa na gogo lingine amelichonga, anakata alama. Kisu amekishika kwa mkono wa kushoto. Kilikuwa kinamponyoka, anakiokota, anaanza tena, na mkono wa kulia ameukalia ili usimsaidie. Kando yake mkebe wangu uko wazi, barua iko gotini. Alikuwa analia. Baba huyu huyu! Nikajilaza nyuma ya leleshwa kama mwizi, kisha nikarudi kinyumenyume.

Hakuna Mulwa. Ule mzinga ni wa Baba. Mimi ndiye niliyekupa mtoto kwa maneno, na sasa namchukua tena, na wewe na mguu huo umekandika nyumba nzima. Baba nimemkasirikia na ninamhurumia, sijui nianze na lipi. Nisamehe.

Mbinya


Kangundo,
28 Aprili 2002

Mwanangu,

Salamu za amani. Mvua imeanza. Mguu umevimba, na sababu nitakwambia.

Sitakudanganya, nililia. Nilijifungia kwa Mulwa nikalia juu ya kitanda chake kipya. Lakini usiombe msamaha, ulisema ulichokiona.

Baba yako aliporudi ananuka moshi, nilimwekea chakula nikamuuliza, "Mzinga wa Mulwa umeingia nyuki?" Mkono ukasimama kwenye sahani. Akasema, "Wa kwanza waliukataa. Huu wa pili wataingia." Baadaye sana akasema, "Nilikataza jina, nikashindwa kulirudisha. Nilitaka akipita pale aone alama yake, ajue haijafutwa."

Nikamwambia, mimi nilidhani una mwanamke. Akacheka, Mbinya, halafu kicheko kikageuka kilio. Nikamwambia tena, umemlilia peke yako miaka yote, mimi ukaniacha nilie peke yangu, na hilo bado sijakusamehe.

Jana alinipeleka kwenye mzinga, mwanamke au si mwanamke. Tuliivuka nyika yote nimeegemea bega lake, tunapumzika kwenye kila jiwe. Tulipofika chini ya mgunga akavua kofia, akaniambia, "Ita wewe. Sauti yangu ndiyo aliyoikimbia."

Nikaita. Niliita Mulwa mpaka koo likakauka. Kongoni waliokuwa wakila mbali waliinua vichwa wakatuangalia, basi. Hakuna aliyeitika.

Mguu ukipona tutarudi, na wewe uje. Ile nyumba hakuna mahindi yatakayowekwa ndani. Mlango nauacha bila kufuli.

Mamako anayekupenda,
Mama Mulwa