Mbegu ya Jirani na Chuo Chako

Mjukuu wangu Neema,

Huku Mwamkulu hatujambo, mpunga umeanza kutoa masuke. Umeniuliza uchague chuo cha hapa karibu, au kile cha ghali ambacho wahitimu wake wanalipwa vizuri.

Nikiwa kijana niliona mpunga wa jirani umestawi, nikaomba mbegu yake. Kwangu ilidumaa. Mbegu ilikuwa ileile, ila yeye alilima bondeni penye maji, mimi juu pakavu.

Basi watafute waliosoma hicho cha ghali wakitokea nyumba kama yetu, uwaulize wao wamefikia wapi. Wakikupa moyo, nenda. Ng'ombe mwekundu wa kukulipia ada yupo, na bibi yako ameshaacha kumwita kwa jina, asije akamwonea huruma.

Ni mimi babu yako.