Lokomotivu ya Shaba Chini ya Kitanda

Albertville, Jumamosi jioni, mwezi wa tisa 1961

Joto la leo halina adabu. Upepo wa ziwa umelala tangu asubuhi, mawingu yamejaa upande wa milima ya Marungu na mvua haitaki kushuka. Nimekaa, nimesimama, nimetoka nje, nimerudi ndani. Chai nimeimimina nikaisahau. Shajara yangu, nivumilie, maana nina kitu chini ya kitanda na sina amani.

Ni treni.

Si ile ya watoto, ya bati, inayojazwa kwa ufunguo. Hii ni lokomotivu nzima ya shaba, urefu wake kama mkono wangu. Ina tanuri dogo la spiriti, ina tangi la maji, ina pistoni, na hata filimbi ya mvuke yenye mnyororo wa kuvuta kwa kidole. Ameiunda yule Mbelgiji wa atelie, karakana ya reli, kwa mikono yake mwenyewe, akifuata ile mashine ya zamani ambayo baba aliiendesha na mimi nikaichochea moto. Sasa anarudi kwao, na vitu vyake vyote amevipanga barazani viuzwe. Watu walikuwa wanabishania sufuria na viti. Mimi niliiona treni na miguu ikagoma kuondoka.

Aliponitajia bei nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu fedha hiyo ninayo.

Ninayo, ila si yangu. Imo kwenye sanduku la bati, na kazi yake ni kumaliza kilio cha baba. Baba zangu wadogo watashuka kutoka Kirungu, watachinja mbuzi, watakunywa, watasema maneno yao, ndipo mama avue kitambaa cheusi. Bila hivyo havui. Amekaa na weusi ule tangu tulipomzika baba. Hasuki nywele, haendi kwenye arusi za watu, hata akicheka anajiziba mdomo. Nikinunua treni, kilio kitangoja mpaka mvua zote zije na kupita, na mshahara wenyewe siku hizi unakuja ukijisikia.

Jibu nalijua. Sasa kwa nini nimekuwa nikirudi kwenye baraza ile kila siku?

Mbelgiji ameona ninavyoizunguka. Leo asubuhi ameitia kwenye gunia akanipa. "Beba," akasema. "Siku ya kwanza unaleta franga ao unarudisha masini. Mi najua weye."

Siku ya kwanza ndiyo Jumatatu, keshokutwa. Ananijua kweli, mjanja yule.

Niseme yote. Tangu daraja la njia ya Kabalo libomolewe, treni haziendi. Naingia depo, napangusa mashine iliyopoa, narudi nyumbani na mikono safi. Mikono safi! Baba angenicheka. Mimi si mtu wa kukaa. Najiona naanza kuwa kijana wa mjini tu, wa kuegemea ukuta, na hilo linanitia hofu kuliko njaa. Kwa hiyo nimejiambia kwamba treni ni ya kumkumbuka baba, kwamba ni heshima kwake. Uongo mtamu. Treni ni yangu mimi. Naitaka.

Mchana mama alikuwa amejilaza, nami nikashindwa kujizuia. Nimeiweka treni uani juu ya matofali mawili, magurudumu yakining'inia, nikatia maji, nikawasha spiriti. Ikaanza kupumua. Magurudumu yakazunguka hewani, haraka, haraka zaidi, bila kwenda popote, na mimi nimepiga magoti kwenye vumbi nikicheka peke yangu kama punguani.

Kisha kidole kikavuta mnyororo.

Hapa lazima nieleze. Kambini kwetu, kambi ya watu wa reli, kila mashinisti, yaani mwendesha treni, ana filimbi yake. Mashine anaweza kubadilishiwa, lakini namna ya kuvuta ni ya mtu. Akifika kwenye kona ya mto Lukuga anavuta kwa namna yake, na mke wake huku kambini anajua ni wake, anabandika maji ya kuoga. Ya baba ilikuwa moja ndefu, mbili fupi, halafu moja inayofifia polepole. Na mashinisti akifa, filimbi yake inazikwa naye. Haichukuliwi na mtu, hata na mwanawe. Jambo hilo hata mlevi wa kambi halikosei.

Nimelikosea mimi. Sikukusudia. Miaka yote ile nilisimama nyuma ya baba na koleo langu nikimsikia akivuta, na mkono ulijua kabla yangu. Sauti ilitoka nyembamba, ya kitoto, lakini ilikuwa yake mwanzo hadi mwisho.

Mama akatoka, macho bado yana usingizi. Hakunitazama. Akaenda moja kwa moja kwenye pipa, akachota maji, akabandika sufuria kubwa juu ya mafiga, akainama kupuliza makaa. Aliyafanya yote kwa wepesi ambao sijauona kwake tangu msiba. Halafu akasimama ghafla, ukuni mkononi. Akatazama kitambaa chake cheusi. Akanitazama mimi, na treni inayozungusha magurudumu mbele yangu.

Nilitamani ardhi inimeze.

Nikangoja matusi. Hayakuja. Akakaa kwenye kigoda, taratibu.

"Kumbe njo weye," akasema. "Nilizani njo yeye."

Nikaanza kuomba msamaha, akanizuia kwa mkono.

"Papa yako alikufa, mi najua. Kichwa inajua. Lakini hii mikono ingali inamungoja. Munaniacha nimungoje mpaka lini?"

Spiriti ikaisha, magurudumu yakapunguza mwendo, yakasimama.

Maji yakachemka. Tukayatazama wote wawili. Nikasema nitayamwaga.

"Umwage, na kuni zangu zimeungua bule?" Huyo ndiye mama ninayemjua. "Leta ndoo. Leo nitaoga mi mwenyewe."

Sasa ninaandika karibu na dirisha na kumsikia akijimwagia nyuma ya uzio, bila haraka. Treni nimeipangusa gurudumu moja moja, nimeirudisha kwenye gunia. Sitangoja siku ya kwanza. Kesho baada ya misa nitaipeleka kwa mwenyewe, kwa sababu nikikaa nayo zaidi nitapata uongo mwingine mtamu. Kisha nitatafuta mashua ya kwenda Moba, na kutoka pale nipande mlima mpaka Kirungu, niwaambie baba wadogo washuke kabla mvua hazijaharibu njia. Fedha ipo. Mama amechoka kungoja.

Na bado naitaka. Hata sasa mguu wangu umeligusa gunia mara mbili chini ya kitanda, kuhakikisha lipo.

Mama ananiita. Anasema amenibakishia maji, nije nioge kabla hayajapoa.